Baridi ya Lushoto

Jana mwanamke mmoja alitua beseni la mapeasi mbele ya duka langu, hapa Mbwawa. Harufu ile ikanirudisha Lushoto, likizo ya nilipokuwa darasa la sita.

Mama hakutaka twende. Mdogo wangu alikuwa na selimundu, na baridi ilikuwa adui yake. Lakini baba alikuwa amedunduliza mwaka mzima ili na sisi tutoke.

"Tutamvalisha vizuri, mke wangu. Naye ni mtoto, aone dunia."

Tulifikia kwa shangazi. Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Mdogo wangu akaona mvuke unamtoka mdomoni.

"Dada, navuta sigara!"

Tulicheka, tukakimbilia kijitoni, wawili tu. Nilijua amekatazwa maji ya baridi. Nilimwacha aingie mpaka kiunoni, maana sikuwahi kumwona na furaha vile. Kisha nikamfuta kwa kanga, nikamvalisha sweta lake.

Mchana miguu ikaanza kumuuma, halafu kifua. Baba alimbeba mgongoni mpaka hospitali, anakimbia huku analia. Siku ya tatu tulirudi na maiti, tukamzika kwetu Kisarawe.

"Nilikwambia," mama alimwambia baba pale kaburini. Baba hakujitetea, siku ile wala miaka yote iliyofuata, mpaka naye tukamzika.

Mama sasa ni mzee, naishi naye. Jioni ya jana, tukila, alisema tena kwamba baba ndiye aliyemuua mwanawe.

"Pole, mama," nikamjibu, nikamwongezea mchuzi.