Kwale wa Yiti na Dele la Ami Nasor

Nilimpeleka Baba kijijini Yiti kwa sababu sikutaka aende Mombasa. Yeye nilimwambia tunakwenda kuwinda kwale, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Tulikuwa tumehamia Maskati kutoka Unguja mwaka wa 1965: Baba, mimi na mke wangu. Miaka miwili ikapita, Baba bado hajakaa. Kwenye mkeka alikaa, lakini moyo haukukaa. Milima aliiona mikavu, mchuzi hauna nazi, na sokoni walimwita Mzinjibari, ilhali babu yake alizaliwa huku huku. Shangazi yangu alikuwa Mombasa na alimwita akaishi naye. Meli ilikuwa ikitarajiwa baada ya wiki mbili, na sanduku la Baba lilikwisha fungwa kwa kamba. Hakuna neno langu lililomgeusha shingo, mpaka siku niliyotaja kwale. Ujana wake wote kule shamba alikuwa mwindaji wa kwale.

"Huku kuna kwale?" aliuliza. "Kwenye mawe haya?"

Alfajiri tulisimama mbele ya Mlango Mkubwa. Siku hizo mji ulifungwa usiku, na hakuna aliyetoka mpaka walinzi wafungue. Tulikuwa na punda wawili, bunduki ya kuazima, tende, na kikohozi cha Baba ambacho hakikumwacha tangu baridi ianze. Siku hizi mtu hutoka Maabela, kitongoji cha Maskati, na gari lake akafika Yiti kabla chai ya chupa haijapoa. Sisi safari ilitula siku nzima.

Kutwa tulifuata wadi, yaani mto ambao mwaka mzima ni mchanga na mawe, ukapata maji mvua inyeshapo tu. Ilikuwa baada ya baridi na kabla ya joto, majira ambayo kwale madume hutafuta wake. Ukitaka kuwaelewa kwale, kumbuka hilo kwanza. Dume wakati huo ana jambo moja tu kichwani: kujulisha dunia kwamba kilima hiki ni chake. Sauti yoyote huidhania ni ya mshindani.

Baba akakohoa. Juu ya jabali sauti ikajibu: kak-kak-kak! Baba akanyamaza, akasikiliza, kisha akakohoa tena. Kak-kak-kak!

"Huyu ananitukana," akasema.

"Anakwambia uondoke kwake, Baba."

"Mwambie asiwe na haraka. Nishafunga sanduku."

Sikucheka. Lakini niliona kwamba aliendelea kukohoa hata pale ambapo kikohozi hakikumshika, na kila jabali tulilopita lilimjibu.

Magharibi tuliingia Yiti. Tulipokewa na Ami Nasor, mtoto wa ami yake Baba, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe. Ujanani aliishi Unguja, akitembeza kahawa mitaani, na Kiswahili chake kilikuwa kimehifadhika vizuri kama nguo ya Idi.

"Khalfan! Karibu, karibu, yakhe! Huyu mwanao? Mbona mrefu hivi, mnamlisha nini?"

Kahawa ilikuwa motoni. Dele, birika lake la kahawa, lilikuwa jeusi tii, huwezi kujua kama ni shaba au ni chungu. Tulikunywa, tukala tende, na wazee wakatajiana mitaa na waliokufa mpaka usingizi ukatuchukua.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya Ami Nasor.

"La haula! Nani kafanya haya?"

Nikatoka mbio. Baba alikuwa amechutama kisimani, mikono imejaa majivu na maganda ya ndimu, na mbele yake dele liling'aa kama jua dogo. Kwetu Unguja ndivyo tulivyolelewa: mgeni mwema hakai bure, na nyumba yenye heshima huonekana kwa shaba yake. Baba alikuwa ameamka mapema kumfanyia jamaa yake wema.

"Nimekusaidia, ndugu yangu," akasema. "Lilikuwa limechafuka kwa masizi."

"Masizi? Khalfan, yale si uchafu! Ule ni moshi wa wageni! Mtu huku akiliona dele jeusi hujua nyumba hii haizimi moto. Umenifanya bakhili kwa asubuhi moja!"

Baba akasimama pole pole. Uso ulimshuka. "Basi unaona," akaniambia kwa sauti ya chini, "huku mimi hata wema siujui. Turudi. Nikangoje meli."

Lakini Ami Nasor alikwisha kulitia maji dele na kulifunga kwenye mzigo. "Meli gani? Kwanza kwale. Unguja nilisugua madele mpaka vidole vikapauka, nimekimbilia huku nipumzike, nawe umenifuata na ndimu zako! Haya, twende."

Tulipanda mlima. Ami Nasor alitueleza sheria zake: majira haya majike hawapigwi, kwani wana mayai au vifaranga. Kwale, alisema, haruki mpaka alazimike. Hupanda mlima kwa miguu, mbio, kama mtu aliyeitwa nyumbani. Tuliwaona kweli, wanene, wakikimbia jiwe hadi jiwe, huku wakigeuka kututazama. Jike mmoja alijifanya bawa limevunjika, akajikokota mbele yangu. Nikamfuata mpaka chini kabisa ya bonde, ndipo akaruka mzima na kuniacha na miiba kwenye kanzu.

"Umemsindikiza vizuri," Ami Nasor akaniambia niliporudi nikihema. "Wanawe wanakushukuru."

Baba alipiga madume wawili, mkono wake haukusahau.

Jua lilipopanda tuliketi kunywa kahawa. Ami Nasor aliliweka dele juu ya jiwe lipoe, tumbo lake bado linang'aa. Hapo akatokea dume mmoja, shingo imevimba, mabawa yanaburuza chini. Alipofika mbele ya dele akasimama. Ndani ya shaba aliona dume mwingine, naye shingo imevimba.

Akamzunguka. Mwenzake naye akamzunguka. Akarudi nyuma, akajinyoosha, akatamba, kisha akaliparamia kwa miguu na mdomo. Tang! Akaanguka chali. Akainuka, akajikung'uta, akatazama nyuma ya dele kuona adui kakimbilia wapi. Hakuna mtu. Akarudi mbele: yupo! Tang!

"Mpe, mpe!" Ami Nasor akanong'ona. "Khalfan, piga bunduki!"

Baba hakuweza. Bunduki ilikuwa mapajani, mwili wote ukitetemeka. Nilidhani ni kikohozi. Kumbe alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka, kicheko ambacho sikukisikia tangu tuvuke bahari. Dele likapinduka, kahawa ikamwagika, na kwale akasimama juu yake akiita kushinda mlima mzima.

Baba alipopata pumzi akasema, "Maskini. Anapigana na mtu ambaye hayupo."

Mchana ule tulikula kwale kwa wali, nyama ngumu kweli. Jirani akaingia, akaliona dele linang'aa na lina mbonyeo, akauliza. Ami Nasor akamsimulia kwa Kiarabu, na Baba akasimama katikati ya majlisi, chumba cha wageni, kuigiza kwale. Jirani akaenda kumwita jirani mwingine. Moto haukuzimwa mpaka jioni.

Siku ya kurudi Baba alikohoa njia nzima, akajibiwa njia nzima. Kabla ya kuingia Maskati alinitaka tupitie soko la Matrah. Akanunua dele jipya, kisha akatafuta mtu anayesafiri na meli ili ampelekee shangazi ujumbe: yeye ndiye aje.

Katika safari ile nilijifunza kwamba mtu hahamii nchi siku anayoshuka melini. Anahamia siku anayopata kitu cha kuwasimulia watu wa pale, wakacheka pamoja naye.

Mwaka uliofuata mke wangu alilichukua dele, limeshaanza kuwa jeusi, akakata ndimu.

"Liache, mwanangu," Baba akamwambia. "Watu wajue kwetu hapa wageni wanaingia."