Tairi za Meno kwa Gari la Binti Yangu

Shida zangu zilianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikufa kwa kifua, na mama akaniambia darasa la nne limetosha. Alinipeleka kwa mziba pancha pale kituoni, mahali ambapo malori ya viazi ya Kinangop yalikuwa yakishuka yakiwa na matope hadi milangoni, akamwambia yule fundi, "Mshike huyu, anakula kidogo." Huo ulikuwa uongo. Nilikula sana, lakini pia nilijifunza upesi.

Nilishika tairi miaka kumi na tisa. Nikipitisha kidole gumba juu ya tairi nakuambia imetembea barabara gani, dereva wake anapenda breki au hapendi, na kama anayeiuza ananidanganya. Kusoma nasoma kwa shida hadi leo. Kiingereza changu nilikiokota huku Marekani nikisukuma mikokoteni ya mashuka hospitalini, na hakuna aliyenipa cheti. Lakini kwa tairi sikuwa na mpinzani, si nyumbani, si hapa Maryland, mpaka alipokuja Mwalimu.

Mwalimu ni baba wa mume wa binti yangu. Alifundisha jiografia huko Kitui mpaka akastaafu, na kanisani kwetu wote humwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha chochote. Mimi nina kampuni ya usafi, nimeandika watu kazi, na wananiita Mzee. Mzee ni mtu yeyote mwenye mvi.

Alikuja mwezi wa nane kuwaona mwanawe na wajukuu, akapewa chumba cha chini katika nyumba ya binti yangu. Mimi naishi dakika kumi na mbili kutoka hapo, na nikitaka kuingia nabonyeza kengele kama mleta barua. Yeye anashuka ngazi na kupanda akiwa na soksi tu. Wajukuu wangu watatu, ambao nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, kwake yeye walikuwa wameanza kusema "shikamoo" baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Mimi nimejaribu tangu wazaliwe.

Jumapili moja ya Novemba tulikwenda kula kwa binti yangu baada ya ibada. Yeye ni nesi, na nesi hana siku ya theluji. Shule zinafungwa, ofisi zinafungwa, yeye anakwenda. Msimu wa baridi uliotangulia, akitoka kazini asubuhi, gari lake lilimteleza akiiacha barabara kuu ya 270. Lilizunguka likatazama kule lilikotoka, na magari yanakuja. Hakugongwa. Aliniambia baada ya wiki mbili, na tangu siku hiyo nikisikia theluji ikitajwa redioni nampigia simu kumuuliza zamu yake ni lini. Gari lenyewe ni haya ya familia ya siku hizi, si gari dogo la chini, si jipu la porini, liko katikati kama nyumbu, na nyuma yake wanakaa wajukuu wangu.

Basi, akigawa chapati, binti yangu akasema, "Mwaka huu nanunua tairi za baridi. Mwalimu ananisaidia kuchagua."

Nikaweka chapati chini.

"Mwalimu yupi? Huyu wa Kitui, ambako hata kivuli kina joto?"

Mwalimu akacheka. Hilo ndilo linaloniudhi kwake: ukimchoma anacheka. "Kweli kabisa, mzee mwenzangu. Theluji nimeifundisha miaka yangu yote na sijawahi kuigusa."

"Baba, ame-compare tairi kumi na nne," binti yangu akasema. "Ameandika zote."

Nikaonyeshwa daftari. Mistari imepigwa kwa rula. Alikuwa amepiga magoti kando ya gari akanakili namba za ubavuni mwa tairi moja moja, kama mtu anayenakili maandishi ya kaburini. Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyemshikia tochi. Namba ambazo mimi nazijua kwa kutazama nikiwa ng'ambo ya barabara! Ningeulizwa mimi, ningejibu kabla chai haijapoa. Sikuulizwa.

Njiani kurudi tulisimama kwenye taa nyekundu ya pili. Mke wangu akasema, "Umekula chapati moja."

"Sikuwa na njaa."

"Mwenye wivu ajinyonge, baba watoto. Na kamba iko gereji, nyuma ya ndoo za rangi."

Nikaongeza sauti ya redio. Ilikuwa kweli, na mtu hajibu kweli akiwa anaendesha.

Jumanne nikaenda peke yangu kwa muuza tairi mmoja upande wa Silver Spring. Kijana wa pale akanionyesha tairi za baridi. Nikazibonyeza. Laini! Zimekatwakatwa vijistari vyembamba juu kama mtu aliyezichanja kwa wembe. Nikamwambia hizi hazifiki hata Pasaka. Pale pembeni nikaona zangu: tairi za matope, meno makubwa kama ya ng'ombe, mpira mgumu unaorudisha kidole. Hapo ndipo niliporudi Kinangop. Mwezi wa nne, mvua, lori la viazi limezama hadi ekseli, na tairi pekee inayotoka ni yenye meno ya kuchimba. Theluji ni nini? Ni matope meupe. Nikanunua nne, saizi ya gari la binti yangu, zikiwa zimeshavalishwa rimu.

Nilizifunga kesho yake asubuhi, binti yangu akiwa amelala baada ya zamu. Alipotoka na kikombe cha kahawa akasimama kwenye ngazi.

"Baba. Umeniletea trekta?"

"Nimekuletea uhai," nikasema.

Mwalimu naye akatoka, kofia ya sufu imemfunika masikio. Akainama, akabonyeza tairi kwa ukucha. Akabonyeza tena.

"Meno ni mazuri, mzee mwenzangu. Lakini nilisoma kwamba mpira ukiwa mgumu, ukipata baridi unakuwa..."

"Mwalimu, umewahi kutoa lori la viazi kwenye matope?"

"Hapana."

"Umewahi kulala chini yake mvua ikinyesha?"

"Sijawahi."

"Basi."

Binti yangu alinitazama, akamtazama yeye, kisha akasema, "Sawa, Baba. Asante," kwa ile sauti ambayo nadhani hutumia kwa wagonjwa. Mimi sikuijali sauti. Niliona Mwalimu akilifunga daftari lake na kulitia mfukoni, na hiyo ndiyo picha niliyokwenda nayo nyumbani. Siku hiyo nilikula chapati nne.

Theluji ilianguka Ijumaa, ikaganda kuamkia Jumamosi. Binti yangu alikuwa aingie kazini jioni. Nikaenda asubuhi kulijaribu gari kwanza, maana fundi hamkabidhi mtu kazi ambayo hajaijaribu. Mwalimu akaja mlangoni akiwa na viatu vya mwanawe. "Nipeleke nami. Nataka kuiona kwa karibu."

Nilifurahi. Nasema ukweli: nilimchukua ili aone kwa macho yake jinsi alivyokosea.

Tukaenda kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka lililofungwa, si mbali na nyumbani. Katikati ya uwanja theluji ilikuwa nzima, haijaguswa. Nikatia gia, nikakanyaga. Meno yakauma, theluji ikaruka nyuma, gari likaenda kama fahali aliyefunguliwa.

"Umeona, Mwalimu? Andika hiyo!"

"Naona, naona," akasema huku ameshika mshikio wa mlango.

Nikazunguka mara mbili. Mara ya tatu nikapita pale karibu na lango, ambapo magari mengine yalikuwa yamepita jana yake yakaishindilia theluji mpaka ikawa kioo. Nikakanyaga breki. Gari halikusimama. Halikupiga kelele, halikuruka, liliendelea tu polepole kama sabuni kwenye sinia, likielekea nguzo ya taa. Nikakata usukani, likaendelea kwenda lilikokuwa likienda. Meno yangu yote makubwa yalikuwa yakipita juu ya ile barafu kama kwato juu ya sakafu ya kanisa. Na Mwalimu akanyoosha mkono wake akaubana kifuani pangu, kama mtu anayemzuia mtoto asirushwe kwenye kioo cha mbele.

Tuligonga ukingo wa saruji, kwenye rundo la theluji, kiasi cha hatua moja kutoka kwenye nguzo. Gari halikuumia. Nikazima injini.

Nilikuwa nikitazama kioo cha nyuma, na kwenye kioo kile nilikuwa naona viti vitatu vya watoto, vile vya mikanda, viko tupu. Kisha nikaona jioni yake, binti yangu peke yake, mteremko wa kuiacha 270, na tairi ambazo mimi baba yake nilizikaza kwa mikono yangu. Nikaitoa mikono kwenye usukani. Nikaikalia.

Mwalimu alikuwa na nafasi yake. Mimi ningeitumia. Ningesema, nilikwambia. Ningesema mpaka Krismasi. Yeye aliondoa mkono wake kifuani pangu, akavua kofia, akasema, "Lo. Kumbe inateleza hivi. Nimeifundisha vibaya."

Nilimchukia zaidi hapo kuliko siku zote. Mtu amekushinda kwa kitabu, sasa anataka kukushinda kwa roho pia.

Lakini saa zilikuwa zinakwenda, na jioni ilikuwa inakuja. Nikasema, "Niambie."

"Nikwambie nini?"

"Mambo ya mpira. Usinizungushe."

Akaniambia taratibu, bila ualimu. Matope unayachimba, akasema, ndiyo maana unataka meno. Barafu huwezi kuichimba, unaishika tu. Mpira mgumu ukipata baridi unazidi kuwa mgumu, unakuwa kama kwato. Huu wa baridi umetengenezwa ubaki laini hata maji yakiganda, kama wayo wa paka. Vile vijistari vya wembe ndivyo vinavyoshika.

"Na mtu asiyesoma atazijuaje?"

Nilisema "mtu". Yeye naye akajibu kana kwamba ni mtu mwingine. Akafungua mlango, akachora kwa kidole kwenye theluji: mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji, kama ua dogo. "Alama hii iko ubavuni. Haihitaji kusoma. Isipokuwepo, acha."

Nikautazama ule mlima. Miaka kumi na tisa nikishika tairi, na mingi mingine nikijisifu kwazo, na hakuna tairi iliyopita mikononi mwangu ikiwa na mlima. Kule kwetu hazikufika. Ningejuaje? Lakini hata yeye hakuzaliwa akijua. Aliuliza. Hilo ndilo alilonizidi, na bado linaniuma kulisema.

Tulisubiri lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu likapita barabarani, tukaenda polepole mpaka kwenye duka la tairi la karibu. Safari hii mimi ndiye niliyepiga magoti. Nilipapasa ubavu wa tairi mpaka nikaupata mlima kwa kidole. Tairi ya kwanza waliyoleta haikuwa nao, nikamwambia kijana wa dukani arudishe, akashangaa, akarudisha.

Wakazivalisha kwa mashine, wakakaza nati kwa ile bunduki ya upepo. Mimi siiamini bunduki ya upepo. Inakaza kwa hasira, nati moja kupita kiasi na nyingine nusu. Tulipofika nyumbani nikatoa spana yangu, nikalegeza na kukaza upya zote, mkono mtupu, baridi inauma vidole. Mwalimu akaomba naye ajaribu gurudumu moja. Akakaza akifuata mzunguko, nati hii, kisha ya jirani yake.

"Hapana, Mwalimu. Rimu itakaa upande. Kaza hii, kisha ile inayoitazama. Vuka, usizunguke."

"Kwa nini?"

"Ukifunga kamba ya mzigo, unaanza kona moja na kumaliza hapo hapo?"

"Aa," akasema, akatoa daftari. Akaandika! Nikajifanya sijaona.

Binti yangu alitoka saa tisa alasiri, amevaa sare ya kazi. Akatazama magurudumu.

"Zile za trekta ziko wapi?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nimeupika njiani: rimu zilikuwa na ufa. Uongo mzuri, wa kifundi, hakuna ambaye angeuchunguza. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa akijisafisha viatu, na nilijua angeuacha upite. Lakini binti yangu alikuwa ameshika ufunguo, na mtu anayekwenda kupanda gari anapaswa kujua limefungwa nini na kwa nini.

"Zile zilikuwa mbaya," nikasema. "Nimeteleza nazo asubuhi, karibu nigonge nguzo. Mwalimu alisema kweli, nikamkataza. Hizi ni za chaguo lake."

Alimkumbatia Mwalimu. Yeye kwanza. Mimi nikasimama na spana mkononi nikitazama mgongo wa mwanangu, na nitawaambia wazi, wivu ulinipanda mpaka masikioni, baridi ile sikuisikia tena.

Kisha akanigeukia. "Nati amekaza nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote. Za gurudumu la nyuma alikaza yeye, nikarudia."

"Nilirudiwa," Mwalimu akasema.

"Basi naenda," binti yangu akasema. Akaingia, akafunga mkanda, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Kwenye kona, pale penye barafu, akakanyaga breki kidogo kujaribu. Gari likasimama. Akapunga mkono dirishani, sijui kwa nani kati yetu. Nimeamua kwamba ni kwangu.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya safu, ukuta mmoja na jirani, hapa Gaithersburg, ghorofa tatu, imekwisha kulipwa. Kampuni ya usafi na vani nne. Ekari mbili na nusu Kinangop, ng'ombe watatu, na nyumba ya mawe ya mama yangu, ambayo nimeiezeka upya. Mke mmoja, ulimi wake ni mkali. Mabinti wawili. Wajukuu watatu, ninaogawana na Mwalimu. Jeki mbili, moja ya tani tatu. Spana seti nzima, haijapotea hata moja. Leseni ya lori. Na zile tairi nne za meno, ziko gereji, zinangoja matope.