Pole za Séverin kwa Denmark

Mwaka 2024 hakuna mtu Isipingo, kusini mwa Durban, aliyeisubiria Denmark mabaya kama Séverin, kinyozi Mkongo wa karibu na stendi ya teksi. Si kwamba aliichukia. Mdogo wake Ezéchiel alikuwa akiishi huko, na ndugu hao, waliobaki wao wawili tu katika nyumba yao, walikuwa wamenuniana tangu matanga ya baba yao kule Uvira. Kila mmoja alituma hotuba kwa simu, wakagombana ya nani ilistahili kusikilizwa kwanza. Wakaachana kwa kiapo kwamba atakayempigia mwenzake ndiye mkosaji.

Lakini kwao kuna ruhusa moja: mwenye msiba hanuniwi. Unampa pole, anaipokea, halafu ugomvi unaendelea palepale mlipouacha.

Januari malkia wa Denmark aliachia kiti, mwanawe akakikalia. Séverin alivaa shati jeusi, akapiga simu. Ezéchiel akamjibu kwa ubaridi kwamba mama wa watu yuko hai, amestaafu tu. Séverin akasema hajawahi kusikia malkia mstaafu, kwa hiyo pole ni pole. Simu ilikatwa, ila sauti alikuwa ameshaisikia, na siku nzima alinyoa watu huku akipiga mluzi.

Aprili jengo la kale la soko la hisa likaungua, mnara wake ukaanguka. Mungu amsamehe, mtu mzima yule alifurahi. Juni serikali ikaondoa madukani tambi za Kikorea kwa ukali wa pilipili; akatoa pole. Mwezi huohuo wakubwa wakakubaliana ng'ombe walipiwe kodi kwa ajili ya mashuzi yao. Kwa mtu aliyekulia zizini, hiyo pole ilitoka moyoni kabisa, na Ezéchiel alichelewa kidogo kukata.

Kisha mikosi ikakauka. Novemba ndiyo ikawa balaa lenyewe: mrembo wa Denmark akatwaa taji la ulimwengu. Taji hupewa pongezi, na pongezi ni za watu waliopatana. Séverin alikaa kwenye kiti cha wateja, simu mkononi, akauona mwaka unaisha bila sauti ya ndugu yake. Aliumia, tusidanganyane.

Mara simu ikalia yenyewe.

"Yaya," Ezéchiel alisema, akimwita kaka kwa Kiswahili cha kwao, akakohoa kidogo. "Nasikia kwenu Durban iko upepo. Pole sana."

Séverin alichungulia nje. Mashati ya mitumba yaliyotundikwa ng'ambo ya barabara hayakutikisika hata moja.

"Eish, iko upepo mukali sana, mudogo yangu," alisema, akaufunga mlango wa saluni. "Usikate."