Danitza Atafuta Maswali ya Fizikia

Danitza Colque alipofaulu hatua ya wilaya ya mashindano ya fizikia, mtaa mzima wa wachimba bati hapa Llallagua ulijua kabla yeye hajafika nyumbani. Mama yake, Primitiva, anayeuza uji wa moto wa mahindi ya zambarau sokoni, aliwajazia wateja vikombe mpaka vikamwagika. Hakuna aliyejiuliza mtoto atajiandaa kwa kutumia nini.

Hatua ya mkoa ilikuwa ifanyike mjini Potosí, mwezi uliofuata. Danitza akamwendea mwalimu wake, Eusebio Llanque.

"Mwalimu, naomba mitihani ya miaka iliyopita."

"Iko mtandaoni, binti. Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni."

"Nimeangalia. Haifunguki."

"Basi angalia tena."

Akaangalia tena, pale kwa Rómulo mwenye kompyuta za kukodi. Tovuti ya mashindano ilikuwa na picha za washindi na medali zao, lakini kila alipobonyeza neno "maswali" aliambiwa ukurasa haupo. Akapata kitabu kizuri chenye michoro ya kapi na miteremko. Kirusi kitupu. Kingine kilikuwa cha Kihispania, kimepigwa picha kwa simu, na vidole vya mpigaji vimefunika nusu ya kila swali.

"Huyu alikuwa anapiga picha kitabu au kucha zake?" akafoka.

Rómulo akacheka. "Wenzako wanacheza gemu hapa, wanatoka wanacheka. Wewe unatoka umenuna kama umefiwa."

"Gemu lao linafunguka."

Jumamosi akapanda basi mpaka mji wa Oruro, kwenye kituo cha masomo ya ziada kinachosifika kwa kutoa washindi. Alipoomba karatasi za mitihani ya zamani, dada wa mapokezi hakuinua hata uso.

"Hizo ni za wanafunzi wetu tu."

"Nisome hapahapa, dada. Siondoki na karatasi hata moja."

"Jiandikishe."

"Nakaa Llallagua. Nitakujaje kila siku?"

"Hapo sasa, mpenzi, sina la kukusaidia."

Akatoka machozi ya hasira yakimlenga. Barabarani, kwa wauza vitabu vya fotokopi, akanunua rundo nene la maswali ya mashindano, "pamoja na majibu". Nyumbani akafanya swali la gari linaloteleza kwenye barafu, akageuza nyuma kutazama jibu: gramu tatu za chumvi. Waliofunga rundo lile walikuwa wamebandika majibu ya kitabu cha kemia.

"Mama, nimeuliza gari litasimama wapi, naambiwa chumvi!"

"Lete, supu yangu haijakolea," Primitiva akasema.

Danitza alitaka kucheka, akajikuta analia. Mama yake akaacha mwiko, akamkumbatia.

Alikwenda Potosí na alichokuwa nacho. Mlangoni aliwakuta wasichana wa mjini wakipekua mitihani ya zamani, imebanwa vizuri kwa pini.

"Mmeitoa wapi hiyo?"

"Mwalimu wetu zamani alikuwa mtungaji wa mitihani hii. Kwani ninyi hamna?"

Msichana aliuliza bila kejeli, na ndiyo maana ikauma zaidi. Ndani kulikuwa na swali la sumaku inayodondoka ndani ya bomba la shaba. Danitza hakuwahi kuona swali la namna hiyo. Wengine waliandika wameinama, kama wanaosalimiana na mtu wanayemjua.

Hakuchaguliwa kwenda hatua ya taifa. Mwalimu Eusebio, aliyemsindikiza, akampiga-piga begani. "Umetuwakilisha vizuri."

"Sikuja kuwakilisha, mwalimu. Nilikuja kushindana."

Mzee wa watu akauondoa mkono wake begani.

Kwenye basi la kurudi, bado amefura, Danitza akaandika kwenye simu maswali yote aliyoyakumbuka, akayatuma kwa kila kundi la simu la wanafunzi wa miji ya migodi alilolijua. Hakuna aliyejibu, isipokuwa msichana mmoja wa mji jirani wa Uncía aliyeitwa Yobana.

"Dada, la sumaku jibu lake nini?"

"Sina."

"Sasa mbona umetuma swali usilolijua?"

"Ningekuwa nalijua ningekuwa kwenye basi hili?"

Yobana akaandika tena: "Mjomba wangu ni fundi umeme. Sumaku anazo, na bomba la shaba pia. Njoo tuidondoshe wenyewe."

Akaenda. Nilipopita Uncía jana niliwakuta wamechuchumaa uani kwa fundi, wanabishana kwa makelele kwa nini sumaku inachelewa kufika chini.