Nilipita Bendera ya Papa Nassoro

Saa nne asubuhi Papa Nassoro alinipigia filimbi. Saa tano nilimkuta amelala barabarani, amefunikwa kitenge.

Na mimi nikamkaba mtu asiye na kosa.

Naitwa Ezéchiel. Ni motard, nabeba watu kwa pikipiki hapa Kisangani.

Siku hiyo nilimbeba Mama Kyakimwa, mwuza vitambaa, kumpeleka uwanja wa ndege wa Bangboka. Valizi yake ya buluu, sanduku la safari, niliilaza mbele yangu, juu ya tenki.

Njia ilikuwa inatengenezwa. Upande mmoja umechimbwa, upande wa pili mnapishana kwa zamu. Papa Nassoro kasimama pale na bendera nyekundu. Mzee mpole, kila motard alimjua.

"Simama, mwana yangu. Camion iko narudi nyuma."

"Dakika ngapi, papa?"

"Mbili, tatu."

Mama Kyakimwa akanigonga mgongoni.

"Weee! Ndege iko naniacha! Unaogopa kitambaa?"

Bon. Kichwa kikanipanda. Nikapenya katikati ya vikoni vya kuzuia njia, gesi mpaka mwisho.

Vumbi tupu. Kamyo, lori la udongo, inarudi nyuma, pii, pii, pii. Nikapita nyuma yake chupuchupu. Filimbi ya mzee ikalia mara moja, mara mbili, halafu ikakatika.

Nikacheka. Nilidhani amechoka kupuliza.

Mama Kyakimwa akawahi ndege yake.

Kurudi, nakuta umati. Dereva wa kamyo, Gédéon, wamemshika, uso damu tupu. Wanasema amemuua Papa Nassoro.

Nikashuka mbio, nikamkaba.

"Muuaji! Hauangaliake nyuma?"

Nikamzaba kofi. Hakujitetea. Alikuwa analia tu.

Ndipo Georgette, aliyeshika bendera upande wa pili, akajipenyeza akipiga kelele.

"Mumuache! Ni motard moja alifosi kupita, na mama, na valizi ya bleu! Camion ilikuwa karibu kubakanyaga. Papa Nassoro akakimbilia nyuma ya camion, akapunga mikono isimame. Pikipiki ikapita. Yeye akabaki."

Mkono wangu ulikuwa bado umeshika shati la Gédéon.

Nikaachia. Nikawasha pikipiki.

Ndiyo, nilikimbia.

Polisi wakamfunga Gédéon, maana yule motard hakupatikana. Siku tatu nilijificha nyumbani. Ya nne nikaenda msibani, nikapiga magoti mbele ya mjane, Mama Khadija.

"Ni mimi, mama. Yule motard wa valizi ni mimi."

Akanionyesha mlango.

"Usiniombe musamaha leo," akasema. "Siko nao. Enda kwa polisi. Ule mutu iko na batoto."

Nikaenda. Gédéon akatoka, mimi nikaingia. Miezi minane.

Mule ndani, usipoletewa chakula na mtu wa nje, njaa ni yako. Ndugu zangu waliona aibu, hawakuja. Jumapili ya kwanza askari wa gereza wakaniita jina: una mgeni.

Alikuwa Gédéon. Kovu bado bichi kwenye shavu. Kabeba sufuria ya pondu, majani ya muhogo, na wali.

"Kula," akasema, akaondoka.

Nilikula nikilia.

Ninyi mnaoendesha, mkikuta njia inatengenezwa, punguzeni mwendo, na mkiambiwa msimame, simameni. Wale wanaosimama pale juani wako kazini, na nyumbani kuna watu wanawangoja warudi.

Mimi hayo yote niliyajua. Ila sikusimama.