Rayo za Barabara ya Ubundu

Harufu ya mpira unaoungua hunirudisha Lubunga hata nikiwa jikoni kwangu. Ng'ambo ile ya mto, pale inapoanzia barabara ya Ubundu, wachuuzi wa baiskeli walikuwa wakiziba pancha asubuhi na mapema kwa vipande vya mpira vilivyowashwa moto, na moshi wake mweusi ulichanganyika na harufu ya mawese na samaki wa chumvi. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maua. Mimi nilipewa mpira, na sina malalamiko.

Papa, baba yangu, alikuwa mmoja wa wachuuzi hao. Alipeleka chumvi na sabuni Ubundu, akarudi na mawese ndani ya madumu tunayoyaita bidoni, yaliyoning'inia pande zote mbili za baiskeli, huku fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani ili aweze kuisukuma akitembea kando yake. Treni ilipita ilipotaka yenyewe; papa hakuwa na subira nayo. Likizo moja, nilipokuwa na miaka tisa, alikubali kunipeleka kwa bibi yangu huko Ubundu. Alinikalisha juu ya gunia la chumvi, akanifunga miguu kwa vitambaa vya kikwembe kwenye vyuma vya pembeni, mmoja huku, mwingine kule, kama walivyofungwa watoto wote waliosafiri njia ile. "Mama, muguu ya mutoto na rayo haiko marafiki," aliniambia, maana kwetu binti huitwa mama tangu akiwa mdogo. Rayo ni zile njiti za chuma za gurudumu. Nilicheka, kwa sababu nilijiona malkia juu ya chumvi yangu.

Tuliingia msituni. Barabara ilikuwa kijia tu, chembamba kama mshipi, chenye matope mekundu na vipepeo waliojaa kwenye madimbwi. Kwenye mlima mmoja papa alinifungua ili nitembee, naye akaisukuma baiskeli akihema. Tulipofika juu, ngurumo zilikuwa zimeshaanza, na chini kulikuwa na daraja la magogo ambalo mvua ikilinyeshea halipitiki. Papa alininyanyua haraka, akaniweka juu ya gunia, akarukia tandiko, tukateremka. Vile vitambaa vilibaki vikipepea kwenye vyuma. Ajali haina kinga. Baiskeli ya papa haikuwa na breki. Alipunguza mwendo kwa kukandamiza kandambili yake ya tairi kwenye gurudumu la mbele. Gunia likateleza, nami nikateleza nalo, na mguu wangu wa kushoto ukaingia kwenye gurudumu la nyuma.

Maumivu hayakuja kwanza. Kwanza ilikuja sauti, trrrr, kama ya kijiti kinachopitishwa kwenye uzio wa mianzi. Halafu tukawa chini sote, na mguu wangu umebanwa kati ya rayo na chuma, kisigino kimepasuka. Papa alijaribu kuuvuta mara moja tu, nikapiga kelele, akauacha. Akatoa koleo mfukoni. Hata kwa umri ule nilijua gurudumu lile ni nini kwetu: ndilo lililotupikia, ndilo lililotusomesha. Hakusita. "Angalia miti, mama. Angalia juu," alisema, akaanza kuzikata rayo, moja baada ya nyingine, na kila moja ililia kabla ya kukatika. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Mpaka leo, nikitaka kukumbuka kupendwa kulivyo, naisikia sauti ya zile rayo zikikatika.

Aliufunga mguu kwa shati lake. Zahanati ilikuwa mbele, mbali, na baiskeli sasa haikuweza kujibeba yenyewe, sembuse kunibeba mimi. Alikuwa akinipandisha mgongoni, tayari kuiacha mali yake yote, nyuma yetu zikasikika kengele. Ulikuwa msafara wa wachuuzi, wakiongozwa na mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, Tonton Zefirini, tonton maana yake mjomba. Barabara ya Ubundu ilikuwa na sheria yake ambayo hakuna serikali iliyoiandika: baiskeli iliyoanguka haipitwi. Walisimama wote. Tonton Zefirini akautazama mguu, akalitazama gurudumu, akamtazama papa.

"Bon. Mutoto kwanza," alisema. "Velo achia mimi," akashika usukani wa baiskeli yetu.

Wakakata miti miwili, wakafunga vikwembe katikati, wakanitengenezea kitanda cha kubebwa mabegani. Lakini kabla ya kuninyanyua walifanya jambo ambalo sikulielewa. Kila mmoja aliinama chini ya tandiko la baiskeli yake, akafungua rayo zake za akiba, akaziweka ndani ya kofia ya Tonton. Mchuuzi anayeingia msitu ule bila rayo ya akiba amejikabidhi kwa Mungu, na wote walijikabidhi siku ile, kwa ajili ya kisigino cha mtoto wasiyemjua. Kisha wakanibeba chini ya mvua, wakipokezana, wakitaniana njia nzima kwamba heri bidoni ya mawese, haina mdomo wa kulia.

Mganga wa zahanati aliosha kidonda, akashona, akatikisa kichwa. "Kama mungechelewa, huu muguu ungepotea," alimwambia papa. Papa akaketi chini sakafuni. Kesho yake Tonton Zefirini akafika akisukuma baiskeli yetu, chumvi yetu juu yake, na gurudumu limesimama imara. Rayo zake hazikufanana: nyingine zinang'aa, nyingine zina kutu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Papa hakuzibadilisha kamwe. Sasa amezeeka, baiskeli inaegemea ukuta wa nyumba yake, na wanangu humwuliza kwa nini asiiuze kama chuma chakavu. Huwajibu kwamba huwezi kuuza watu. Siku hizi barabara ya Ubundu ni ya pikipiki. Naipenda kasi yake. Laiti ingekuwapo siku ile. Lakini mwaka huu, nilipokwenda kwa pikipiki ya kukodi kuzuru kaburi la bibi, tulimkuta mchuuzi mmoja ameangusha baiskeli yake katikati ya matope, mkewe anamshikia bidoni. Dereva wangu, kijana mzuri tu, akakata kona kumpita.

"Simama," nilimwambia.

"Mama, mvua iko nakuya!"

"Naiona. Simama."

Akasimama. Nikashuka, na mguu uliotangulia kukanyaga matope ulikuwa wa kushoto.