Msoma Kona Aliyekataa Kusindikizwa kwa Mbio

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi mjini Bungoma, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Aliyepiga simu ni mzee mmoja wa Kitale, mkulima, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeliendesha gari la mashindano ambamo marehemu alikuwa akisoma njia. Aliniambia kwamba figo zimemshinda msoma kona wetu. Nilimwambia kinyozi aendelee tu. Katika umri wangu simu za namna hii zimekuwa nyingi, na msomaji wangu anisamehe nikisema kwamba nimechoka kuzipokea.

Mimi na marehemu hatukuwa marafiki wa kufa kuzikana. Nilimfahamu enzi nilipotumwa Kitale kuandika habari za mbio za magari, nikawa namtafuta kila niendapo kwa sababu alikuwa na subira ya kunieleza mambo. Kazi yake iliitwa unavigeta. Dereva hukaa kulia na kutazama barabara. Navigeta hukaa kushoto, macho yakiwa kwenye madokezo waliyoyaandika walipoipita njia hiyo polepole kabla ya mashindano, naye humsomea mwenzake kona ambayo bado haijaonekana. Kona zina namba. Moja ni ile ya kukurudisha karibu ulikotoka, sita ni ile unayoipita bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Akisema “kulia tatu, inakaza, usikate,” dereva anajua kwamba kona itazidi kujikunja mbele, na kwamba akiibana upande wa ndani atakutana na jiwe au kisiki. “Mgongo” ni kilima kidogo kinachoficha barabara. “Gesi yote,” yaani kukanyaga mafuta mpaka mwisho, ni neno alilolitumia kwa nadra, na alipenda kusema kwamba navigeta anayelipenda neno hilo atafutiwe kazi nyingine.

Mwanzoni walisomeana kwa Kiingereza kama walivyofanya wengine. Dereva alikuwa mtoto wa familia iliyohamia Trans-Nzoia kutoka Mlima Kenya, anafikiri kwa Kikuyu. Msoma kona ni Mbukusu wa upande wa Kamukuywa. Kwa kasi ile hakuna kati yao aliyekuwa na nafasi ya kutafsiri, basi wakahamia Kiswahili, lugha waliyokutana nayo sokoni, na mambo yakanyooka. Ila siku moja kwenye barabara ya mashambani ng'ombe alitokea, marehemu akashtuka, akasoma kona mbili mfululizo kwa Kibukusu safi. Dereva hakuambulia hata neno. Gari liliingia kwenye mahindi ya mama mmoja, likatulia huko ndani. Yule mama aliwatoa, akawapa maji, akawaonya kwa ukali kuhusu mahindi yake, halafu akacheka aliposikia kisa. Tangu siku hiyo wakaweka sheria kwamba mle ndani ya gari mtu haogopi kwa lugha ya mama. Kila alipokisimulia alicheka mpaka akakohoa, nami nacheka sasa, ingawa si kwa raha ileile.

Maumivu ya mgongo yalipomlazimisha kuacha mashindano alifungua karakana ya pikipiki Kitale. Vijana wa bodaboda walimzoea, wakamwita Mzee wa Kona, wakajifunza msamiati wake wote. Ungewasikia wakisomeana barabara wakiwa wamepakia abiria na gunia la viazi, kushoto nne, mgongo, gesi yote. Neno hilo la mwisho ndilo waliloliandika nyuma ya pikipiki zao, kwenye vile vipande vya mpira vya kuzuia matope. Aliniambia mara moja, akiwa amejiegemeza mlangoni pa karakana, kwamba maneno yake wameyachukua na breki wamemwachia yeye. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sidhani ni la vijana peke yao. Sisi sote tumependa lugha ya mbio. Ofisini, shuleni, kwenye siasa, kila mtu anataka kutangulia na kupita, na ni wachache mno wanaokumbuka kuitazama njia kwanza. Inachosha kuishi hivyo, na inachosha zaidi kulisema kila mwaka.

Mnajua desturi yetu ya kusindikiza maiti huku magharibi. Mwili unapotolewa mochari, pikipiki hujaa mbele na nyuma ya gari, honi zinalia, matawi yanapepea, wengine wanainua tairi la mbele, na barabara nzima inakuwa yao. Msafara ukiwa na kelele nyingi, watu husema aliyekufa alikuwa na watu. Mwaka jana, katika msafara wa namna hiyo, kijana mmoja wa pale karakana aligongana na lori, na marehemu ndiye aliyemshika kichwa mpaka akakata roho. Alipoanza kuugua alimwambia mkewe jambo moja tu kuhusu mazishi, kwamba asisindikizwe kwa mbio. Mama huyo alinieleza haya kwa simu usiku wa matanga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebebeshwa mzigo, maana vijana walikuwa wamekwisha kupanga msafara wao.

Asubuhi ya kuuchukua mwili, ua wa mochari pale Kitale ulijaa pikipiki na moshi. Mjane alishuka garini, akawafuata. Kijana aliyekuwa mbele alimsikiliza, akajibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma.

“Mama, si tumpatie mzee heshima yake. Tukienda pole watasema ati hakuwa na watu.”

“Aliniambia mwenyewe hataki nimzike leo, halafu kesho nizike mwingine kwa sababu yake,” mama akasema. “Mimi sina nguvu ya kuzika mtoto wa mtu.”

Wengine walitazama chini, wengine waliendelea kuzingurumisha injini. Ndipo yule dereva mzee akasogea na fimbo yake.

“Wacha niwaambie. Kwa rali, mkimaliza kipande kimoja cha mashindano, kuna barabara ya kawaida ya kuwapeleka kwa kingine. Hapo mnaenda na magari ya watu, na ng'ombe, na watoto wa shule. Saa ya kufika mmepewa. Ukifika mapema unapigwa adhabu kubwa kushinda ule amechelewa. Huyu mashindano yake aliyamaliza. Sasa tunampeleka tu.”

Injini zikazimwa moja moja, na tulipotoka getini pikipiki zilijipanga nyuma ya gari la maiti.

Ilikuwa safari ndefu. Tulipita Kiminini watu wakitoka madukani kutazama, wakitutazama kwa huruma. Pale Kamukuywa tuliposimama kidogo, mama mmoja muuza nyanya aliuliza kwa sauti kama huyu marehemu hakuzaa. Ndugu wa marehemu, niliyeketi naye, aliona aibu kweli, akamsihi dereva wa gari la maiti tulimopanda apige honi hata kidogo. Dereva alikataa. Niliwachungulia vijana kupitia kioo cha nyuma, nikaona jinsi walivyokuwa wanateseka, mikono imekaza, barabara imenyooka mbele yao, nami nikawa nangoja wa kwanza achomoke. Hakuchomoka mtu.

Tulichelewa. Mhubiri alikuwa amenuna na chakula kilikuwa kimepoa. Mjane hakuufuata mwili kuingia nao nyumbani. Alibaki amesimama penye mlango wa ua, akimtazama kila mwendeshaji aliyeingia, mmoja baada ya mwingine. Tangu siku ya kifo hakuwa amelia, na watu walikuwa wameanza kunong'ona. Aliingia wa mwisho, kijana aliyechelewa kwa sababu ya pancha, akaegesha pikipiki yake kando ya ukuta. Mama alimshika mkono, akauliza kama nyuma yake kuna mwingine. Kijana akasema wameisha. Hapo ndipo alipoketi chini na kumlilia mumewe.

Naandika haya nikijua kwamba Jumamosi hii pikipiki zitajaa tena mbele ya mochari fulani, na sina matumaini makubwa. Lakini ewe kijana utakayekuwa ukisindikiza, yule unayemtangulia au unayemfuata hana pa kuwahi tena, wala hatakulaumu ukichelewa. Ila kuna mtu amesimama mlangoni, anawatazama mnaoingia, na hatapumua mpaka akuone.